Kabla Kikundi Chenu Hakijanunua Foklifti

Katika sehemu yetu ya Bonde la Ufa, mizigo ni mizito na njia ni mbaya. Mahindi ya Njoro na Rongai, viazi vya Molo, Kuresoi na Mau Narok, mbao za Elburgon, mawe ya kujengea, mbolea inayofika kwa lori kabla ya mvua ya Machi: karibu vyote hupakiwa na kuteremshwa kwa mabega ya watu. Gunia la mahindi la kilo 90 mgongoni si mchezo. Kijana akilibeba miaka kumi, mgongo wake huwa wa mzee kabla hajafika miaka arobaini.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kikundi kikishajenga ghala na kuweka akiba kidogo, mtu husimama mkutanoni na kusema, "Jameni, kwa nini tusinunue foklifti?" Anataka ile mashine yenye meno mawili ya chuma mbele, inayoingiza meno chini ya mzigo na kuuinua.

Wazo si baya. Lakini foklifti isiyofaa inaweza kumaliza akiba ya miaka mitano kwa msimu mmoja wa mvua. Inaweza pia kuua mtu. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kuamua kama mnaihitaji, jinsi ya kuchagua ile inayofaa kazi ya nje kwenye udongo na mawe, na jinsi ya kuitunza ili iwatumikie miaka mingi.

KWANZA: JE, MNAIHITAJI KWELI?

Hebu tufanye hesabu. Tuseme kikundi chenu hupakia lori moja la magunia 200 ya kilo 50, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni tani 10 kila mara. Foklifti ikibeba tani moja kwa safari, itakwenda safari kumi, na kazi itakwisha kwa muda usiozidi saa moja. Kwa hiyo kwa wiki nzima mashine itafanya kazi saa mbili tu. Siku zilizobaki imelala. Betri inakufa, mipira ya mafuta inakauka, panya wanatafuna nyaya. Mashine ya namna hiyo itawala nyinyi badala ya kuwalisha.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau. Foklifti haishiki magunia yaliyolala chini ovyo. Inahitaji paleti, yaani vile vitanda vya mbao vyenye nafasi ya kuingiza meno. Mtu bado atapanga magunia juu ya paleti. Na lori lenye bodi ndefu isiyofunguka pembeni haliwezi kupakiwa kutoka ubavuni. Foklifti itaweka paleti mlangoni tu kule nyuma, na vijana watayavuta magunia ndani kwa mikono kama kawaida.

Basi kabla ya kununua, fikirieni njia hizi za bei nafuu:

1. Jukwaa la kupakilia. Jengeni jukwaa la mawe na udongo ulioshindiliwa, lenye urefu wa kwenda juu sawa na sakafu ya lori, yaani kama mita moja na robo. Wekeni mteremko mpole upande mmoja. Lori likirudi nyuma hadi kwenye jukwaa, gunia linasukumwa kwa mkokoteni wa magurudumu mawili moja kwa moja hadi ndani. Hakuna dizeli, hakuna spea.

2. Trekta mliyo nayo. Trekta nyingi za hapa kwetu zinaweza kufungwa meno ya kubebea paleti kwenye mikono ya nyuma, pale pa kufungia jembe. Haliinui juu sana, lakini linasogeza paleti kutoka shambani hadi ghalani bila shida. Trekta hiyo hiyo kesho inalima.

3. Kukodi. Kama kazi kubwa ni ya miezi mitatu ya mavuno, kukodi kwa miezi hiyo mitatu ni nafuu kuliko kulisha mashine mwaka mzima.

4. Kuungana. Vikundi vitatu au vinne vilivyo karibu vinaweza kuwa na mashine moja. Lakini andikeni mapatano kabla, si baada ya kugombana.

Kama baada ya hesabu hii bado mnaona kazi ipo ya kutosha kila siku, kwa mfano kiwanda cha mbao, ghala la vikundi vingi au uwanja wa mawe ya ujenzi, basi endeleeni kusoma.

FOKLIFTI YA GHALANI NA FOKLIFTI YA SHAMBANI

Kosa kubwa la wanunuzi wengi ni hili: wanaona foklifti safi yenye rangi mpya, bei poa, wanainunua. Ikifika nyumbani na mvua ikinyesha, inazama hadi tumboni na haitoki.

Foklifti ya ghalani imetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji. Utaitambua kwa magurudumu madogo, mara nyingi ya mpira mgumu usio na upepo, na tumbo lake karibu liguse ardhi. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayosukuma, na ya nyuma ndiyo yanayokata kona. Kwenye saruji ni mashine nzuri sana. Kwenye udongo mweusi unaonata, au kwenye njia yenye mashimo, ni mtego. Gurudumu dogo likiingia shimoni kidogo tu, mlingoti unaoshika meno unayumba mbali sana kule juu, na mzigo unamwagika au mashine yote inaanguka.

Foklifti ya kazi ya nje ina alama zifuatazo:

- Tairi kubwa zenye upepo na meno marefu kama ya trekta.
- Tumbo liko juu, linapita juu ya jiwe bila kugusa.
- Nyingi zina nguvu kwenye magurudumu yote manne.
- Injini ya dizeli.

Historia yake inafundisha. Mwaka 1958 huko Ufaransa, fundi na mfanyabiashara Marcel Braud alichukua trekta ya kawaida, akageuza kiti na usukani ili dereva atazame upande wa magurudumu makubwa, akafunga mlingoti wa kuinulia hapo. Ndivyo zilivyoanza foklifti za Manitou. Kwa maneno mengine, foklifti ya shambani ni mtoto wa trekta. Hadi leo, ukitaka kujua kama mashine itafaa kwenu, jiulize: je, inafanana zaidi na trekta au na kigari cha dukani?

Kuna pia aina ya tatu, yenye mkono mrefu unaorefuka na kufupika badala ya mlingoti. Kampuni ya JCB ya Uingereza ilianza kuuza ya kwake mwaka 1977. Mkono huo unafika mbali na juu, hata juu ya bodi ya lori. Lakini una mambo mengi ya kuharibika, bei yake iko juu, na kadiri mkono unavyorefuka ndivyo nguvu ya kubeba inavyopungua. Kwa kikundi cha kawaida, huo ni mzigo mkubwa.

SOMENI KIBAO CHA UZITO

Kila foklifti ina kibao cha chuma kinachoonyesha uzito inaoweza kuinua. Kama kibao hakipo, au kimefutika, msiamini mdomo wa muuzaji.

Kibao kinaweza kusema kilo 2,500 kwa sentimita 50. Maana yake ni kwamba mashine inainua kilo 2,500 ikiwa katikati ya mzigo iko sentimita 50 kutoka pale meno yanapoanzia. Mzigo ukiwa mpana zaidi, uwezo unapungua. Ni kama watoto wanaobembea juu ya ubao uliolazwa kwenye gogo: mtoto mwepesi akikaa mbali na gogo, anamwinua mzito aliye karibu.

Hapa gogo ni ekseli ya mbele. Tuseme meno yanaanzia sentimita 45 mbele ya ekseli hiyo. Mzigo wa kawaida uko sentimita 45 kuongeza 50, yaani 95. Mkibeba mbao ndefu zilizolala kufuata meno, na katikati yake iko sentimita 75, umbali unakuwa 120. Mashine iliyoinua kilo 2,500 sasa inaweza kilo 1,980 hivi tu. Hapo hatujahesabu mashimo ya njia wala mteremko. Kwa kazi ya nje, msikaribie kamwe uzito wa mwisho wa kibao.

Na yule kijana anayesema, "Wacha nikae huku nyuma kuongeza uzito," mshusheni mara moja. Watu wamekufa kwa maneno hayo.

INJINI NA HALI YA HEWA YETU

Foklifti hutumia petroli, gesi, umeme au dizeli. Kwa kazi ya nje vijijini, dizeli ndiyo inayofaa. Fundi wa dizeli yuko kila soko, na injini ina nguvu ya kuvuta kwa mwendo wa chini. Lakini msiiendeshe ndani ya ghala lililofungwa. Moshi wa injini yoyote ni sumu, na ule wa petroli na gesi unaweza kuua bila kunuka sana. Fungueni milango yote.

Kuna mambo matatu ya eneo letu ambayo kitabu cha mashine kutoka ng'ambo hakiyafikirii sana.

La kwanza ni urefu kutoka baharini. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya bahari, na Molo kama mita 2,500. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo mashine iliyojaribiwa Mombasa ikaonekana simba, ikifika Molo imepoteza karibu robo ya nguvu. Itatoa moshi mweusi ikilazimishwa. Huenda pampu ya dizeli haijaharibika, ni hewa tu imepungua. Chagueni injini yenye tabo, au yenye nguvu zaidi ya mnayodhani mnahitaji.

La pili ni maji ya rejeta. Huku juu maji huchemka mapema. Nakuru huchemka karibu nyuzi 94, na Molo karibu nyuzi 92, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachozuia maji yasichemke, kwa kuyabana. Kifuniko kilicholegea, ambacho huko pwani kingevumilika, hapa kitachemsha injini. Nunueni kifuniko kipya chenye namba ile ile, na msikifungue injini ikiwa moto.

La tatu ni vumbi. Udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano yaliyosagika. Wakati wa kiangazi vumbi hili ni laini kama unga, na hukwaruza chuma kama msasa. Vumbi likipita filta ya hewa, injini itakwisha ndani ya msimu mmoja. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

KUNUNUA MASHINE YA MTUMBA

Vikundi vingi vitanunua iliyotumika. Si vibaya, mradi mwende na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Nendeni asubuhi, kabla injini haijawashwa. Kama mtakuta imeshapashwa moto, ulizeni kwa nini, kisha ngojeni ipoe.

Angalieni yafuatayo:

1. Kuwaka. Iwake baridi bila kusukumwa. Moshi mweupe kidogo asubuhi si neno. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Fungueni kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma: moshi ukipiga kwa nguvu kama chungu kinachochemka, ringi au silinda zimekwisha.

2. Meno. Tazameni kisigino, pale jino linapopinda kama herufi L. Hapo ndipo panapolika. Pimeni unene wake na kulinganisha na sehemu iliyosimama, ambayo hailiki. Kama jino lilikuwa milimita 40 na sasa ni 36, limepoteza sehemu 10 katika 100, na halifai tena. Uwezo wake umepungua sana kuliko macho yanavyoona. Jino lililochomelewa pia likataeni.

3. Mnyororo wa kuinulia. Mnyororo hurefuka kwa kulika pini zake. Pimeni kipande ambacho kingekuwa sentimita 100 ukiwa mpya. Kikifika 102, jitayarisheni kuubadilisha. Kikifika 103, mnyororo umekufa. Na mkibadilisha, badilisheni yote miwili pamoja.

4. Kushuka kwenyewe. Inueni mzigo mzito kiasi hadi usawa wa kifua, zimeni injini, ngojeni dakika kumi. Mtu asisimame karibu. Mzigo ukishuka sana, sili za silinda au vali zimelika.

5. Breki. Jaribuni kwenye mteremko, kwanza bila mzigo. Breki ya mkono ishike mashine mahali pake.

6. Mwili wa chuma. Futeni grisi na rangi mpya kwenye maungo ya mlingoti. Rangi mpya mahali pamoja tu mara nyingi inaficha ufa.

7. Mita ya saa. Kama mita inasema saa 1,500 lakini pedali zimelika hadi chuma na kiti kimepasuka, aminini pedali.

8. Spea. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, pitieni maduka ya Nakuru mjini mkiwa na namba ya mashine na namba ya injini. Ulizeni filta, sili, pampu ya maji na tairi. Kama kila kitu ni "tutaagiza", fikirieni tena. Bei rahisi ya mashine isiyo na spea ni ghali kuliko zote.

Mwisho, pateni stakabadhi zote kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si jina la mwenyekiti. Mwenyekiti hubadilika, na binadamu ni binadamu.

KUITUNZA: KAZI YA KILA SIKU

Mashine haifi ghafla. Hufa kidogo kidogo kwa mambo ambayo mtu aliyaona akanyamaza. Mwendeshaji atumie dakika kumi na tano kila asubuhi kabla ya kugeuza ufunguo:

- Oili ya injini: chomoa kijiti, pangusa, pima. Mashine isimame mahali tambarare.
- Maji ya rejeta, injini ikiwa baridi.
- Mafuta ya haidroliki, meno yakiwa chini.
- Fungua kizibo cha chini cha filta ya dizeli, mwaga maji yaliyokusanyika hadi itoke dizeli safi.
- Tairi: upepo na mikato. Tairi moja ikiwa na upepo kidogo, mashine nzima inainama upande huo, na mzigo ukiwa juu itaanguka.
- Nati za magurudumu, meno, pini za kuzuia meno yasiteleze.
- Chungulia chini: kuna tone jipya?
- Honi, breki, usukani, mkanda wa kiti.

Jioni, jazeni tanki la dizeli. Usiku wa Molo na Mau ni baridi, na tanki lenye nafasi tupu hutoa umande ndani, umande unakuwa maji ndani ya dizeli. Tanki lililojaa halina nafasi ya umande.

Dizeli nunueni kituo mnachokiamini, wala si kwenye mitungi ya kando ya barabara. Uchanganyaji wa dizeli na mafuta ya taa ulikuwa umezidi hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza. Mafuta ya taa hayana utelezi wa dizeli. Pampu ya injini hulainishwa na dizeli yenyewe, basi ikikosa utelezi huo inajisaga.

FILTA YA HEWA

Tulisema tutarudia. Wakati wa kiangazi, au mkifanya kazi kwenye uwanja wa mawe, itazameni filta ya hewa kila siku. Igongeni taratibu kwa kiganja. Mkitumia upepo wa kompresa, pulizeni kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Msiipige kwenye tairi, msiioshe kwa petroli. Kisha wekeni taa ndani yake gizani: mkiona mwanga unapenya kwenye tundu, itupeni. Tazameni pia mpira unaotoka filta kwenda kwenye injini. Ufa mdogo hapo ni mlango wa vumbi, na filta mpya haitasaidia.

KWA SAA ZA KAZI

Wekeni daftari. Kila siku andikeni saa za mita, dizeli iliyowekwa, na lolote lililoonekana.

Kila saa 50: pakeni grisi kwenye chuchu zote, pakeni oili mnyororo wa kuinulia, kazeni nati za magurudumu, pimeni maji ya betri, angalieni mkanda wa feni.

Kila saa 250: badilisheni oili ya injini na filta yake. Kwa vumbi letu, kufanya hivyo kwa saa 150 au 200 si hasara. Lita chache za oili ni rahisi kuliko injini.

Kila saa 500: filta za dizeli, marekebisho ya breki, kupima meno na mnyororo.

Kila mwaka, au kama kitabu cha mashine kinavyosema: mafuta ya haidroliki na filta yake, mafuta ya gia, na maji ya rejeta. Kitabu cha mashine kikitofautiana na makala haya, fuateni kitabu.

HATARI ZINAZOUA

Mafuta ya haidroliki yana nguvu ya ajabu. Mpira ukitoboka tundu kama la sindano, msitafute tundu kwa mkono. Mafuta hupenya ngozi na kuingia mwilini bila maumivu makubwa mwanzoni, baadaye mkono hukatwa. Tumieni kipande cha katoni. Mtu akipenywa, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata akisema hajaumia.

Mtu asipite wala kusimama chini ya meno yaliyoinuliwa. Fundi akifanya kazi chini, meno yashushwe hadi ardhini au mlingoti ufungwe kwa nguzo imara.

Tairi yenye rimu ya vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti: toeni upepo wote kabla ya kugusa boliti yoyote. Rimu hiyo ikifunguka na upepo ndani, inaruka kama bomu.

Kwenye mteremko, mkiwa na mzigo, meno yatazame mlimani daima. Kupanda mnaenda mbele, kushuka mnarudi nyuma. Bila mzigo ni kinyume chake. Msikate kona kwenye mteremko. Tembeeni mzigo ukiwa chini, juu ya mawe kidogo tu, na mlingoti ukiinama nyuma.

Kumbukeni magurudumu ya nyuma ndiyo yanayokata kona kwenye nyingi ya mashine hizi, hivyo mkia wake unafagia upande. Watoto na wateja wasikae karibu. Na msimpandishe mtu juu ya meno, hata kwa dakika moja kufunga taa.

Mashine ikianza kuanguka, mwendeshaji asiruke. Anayeruka ndiye anayelaliwa. Akae ndani ya mkanda, ashike usukani, akaze miguu, aegemee upande usioangukia.

MAMBO YA SHERIA

Mkimwajiri mtu, hata mmoja, sheria mbili za mwaka 2007 zinawahusu: Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini. Ya kwanza inataka mashine za kuinulia zikaguliwe kwa muda maalum na mkaguzi aliyeidhinishwa. Ya pili inataka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Ulizeni ofisi ya usalama kazini, ile inayoitwa DOSHS. Mwendeshaji awe amefunzwa, na awe na leseni ya daraja la mashine. Leseni ya matatu haitoshi.

Wachagueni watu watatu: mmoja wa kuendesha, mmoja wa kutunza daftari, mmoja wa kutunza ufunguo. Ufunguo usiwe kwa mwendeshaji usiku. Na mwendeshaji akisema mashine haiko salama, mwenyekiti asimlazimishe.

Kwa upande wa fedha, kila mapato ya mashine yagawanywe siku ile ile: ya dizeli na mshahara, ya huduma na spea, na ya kununua mashine nyingine siku za usoni. Yakibaki, hayo ndiyo faida. Vikundi vingi hugawana kwanza na kutafuta pesa za oili baadaye. Hapo ndipo mashine inapoanza kuota majani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa wiki moja tunapakia tani ngapi? Mashine itafanya kazi saa ngapi?
2. Je, uwanja wetu unapitika Aprili? Tukiweka mifereji na changarawe kwanza, itagharimu kiasi gani?
3. Vijana wanaoishi kwa kupakia magunia watafanya nini mashine ikija? Je, mmoja wao anaweza kufunzwa kuiendesha?
4. Nani fundi wetu, na spea zinapatikana wapi?
5. Tukijenga jukwaa la kupakilia mwaka huu, bado tutahitaji foklifti?

Msiharakishe swali la tatu. Mkutano mwingi huvunjika hapo, na afadhali uvunjike kabla ya kununua kuliko baadaye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kikundi kilichosikilizana huvuka pamoja.